Kwa Pene wa Lalofau, Aliyekaa Chini ya Mkeka kwa Ajili ya Mbwa

Ni mwaka mmoja sasa tangu Jumapili ile uliposhiba, ukajinyoosha, ukasema, "Nalala kidogo," ukatudanganya. Mkeo Lagi alipokuja kukuamsha kwa sala ya jioni alikuta umeshatangulia. Daktari alisema ni moyo. Mimi dada yako najua kwamba siku ile hukuacha hata bakuli moja, kuanzia majani ya magimbi yenye tui mpaka mguu wa nguruwe, na hilo hunifariji ninapolia.

Familia imenipa mimi kuandika kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Wanao walitaka kukuandikia kwa maneno ya chuo. Nikawaambia, baba yenu hakuwa akisoma maneno ya chuo, alikuwa akiyasinzilia.

Tunakukumbuka ukipanda feri kutoka hapa Savai'i kwenda Apia, kwenye Bunge, koti jeusi la bungeni mbele, manyoya ya mbwa nyuma. Lagi alikupiga brashi mpaka mlangoni, na ukifika kwenye ngazi Spika anakurukia na kazi inaanza upya. Ulimwita mbwa wako Spika kwa sababu, ulisema, ni yeye pekee aliyekuachia useme mpaka mwisho.

Huko bungeni ulikuwa na hoja moja, na uliirudia mpaka wenzako wakaikariri. Mbwa mgonjwa na mtoto mgonjwa wanalala mkeka mmoja. Ukitaka kumtibu mtoto minyoo na upele, mtibu na mbwa. Uliomba serikali ilete madaktari wa wanyama kijiji kwa kijiji, wawahasi madume, wawafunge majike uzazi, wagawe dawa, ili mbwa wasizaliane ovyo halafu tuwaue kwa bunduki kila mwaka kama tunavyokata nyasi. Mheshimiwa mmoja akakuuliza, "Kwani mbwa wanapiga kura?" Ukamjibu, "Hawapigi, Mheshimiwa, lakini wanamkumbuka kila aliyewapiga teke. Wapiga kura wako je?"

Gazeti likakuita Mbunge wa Mbwa. Ulifurahi kama mtu aliyepewa jina la uchifu.

Hata sisi wa Kamati ya Wanawake hukutuacha tupumue. Tulikuwa tumekaa na kakao yetu baada ya kukagua nyumba, ukaja ukasimama na kikoi chako kimepinda.

"Kina mama, mnakagua vyoo, mnakagua vyandarua, mnafunua hata mito ya watu. Lakini yule anayelala na watoto wenu hamumkagui."

"Nani huyo?" Makerita, mke wa mchungaji, alishasimama. "Mtaje jina!"

"Mbwa, Mama Mchungaji."

Tukacheka mpaka kakao ikamwagika. Lakini kuanzia mwezi ule tukawa tunakagua na mbwa, nyuma ya masikio na chini ya mkia. Mimi mwenyekiti nilipewa upande wa mkia. Sijakusamehe bado.

Wazee wa baraza la kijiji walikukubalia shingo upande. Walisema bunduki itapumzika na madaktari wako waje, lakini siku mbwa yeyote wa Lalofau atakapomuuma mtu, bunduki inatoka na wote wanakwenda, wenye kola na wasio na kola. Ukakubali. Madaktari wakapanga kuja kiangazi.

Na aliyeuma, Pene, akawa Spika. Tena hakumuuma mlevi wala mwizi wa kuku. Alimuuma mchungaji.

Kwetu kila mtu anajua, na kila mbwa anajua, kwamba mtu akiinama barabarani anaokota jiwe. Inama tu urekebishe ndala, barabara nzima inabaki nyeupe. Jumapili moja Mchungaji Nafatali alikuwa anatoka kanisani, kikoi cheupe, shati jeupe, kitabu cha nyimbo kikamponyoka. Akainama kukiokota. Mbwa wote wakakimbia isipokuwa wako. Spika hakuwahi kurushiwa jiwe maisha yake yote. Nyumbani kwako mtu akiinama, ni mfupa au ni kukunwa masikio. Basi akaja mbio, ulimi nje, kwa furaha zote. Mchungaji kuona mbwa anakuja badala ya kukimbia, akajua huyu ana wazimu, akarusha teke. Spika hakuwahi kupigwa teke pia. Akauma.

Kufika wakati wa chakula habari ilikuwa imeshakula na kunawa. Baraza likatangaza kukaa Jumatatu, jua likipanda. Mzee mmoja akapita mbele ya nyumba yetu akisafisha bunduki kwa kitambaa, polepole, ili tumwone vizuri.

Ukanijia mchana huohuo.

"Dada, naomba mkeka wa mama."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Kesho alfajiri nataka nikakae mbele ya nyumba ya mchungaji."

"Pene, una akili? Watu wanakaa chini ya mkeka kuomba msamaha kwa damu ya mtu. Kwa kuua. Kwa kutoroka na mke wa mwenzio. Kwa mbwa hajakaa mtu tangu visiwa hivi viwepo."

"Basi mimi wa kwanza."

"Utachekwa mpaka Apia."

"Apia wameshaanza, Dada."

"Na wakikuacha hapo bila kukufunua?"

Ukasema, bila utani wako wa kawaida, "Wakiwapiga risasi mbwa kesho, wale madaktari hawana cha kujia. Mwakani watazaliwa wengine, wagonjwa vilevile, na watoto watajikuna vilevile. Nitakuwa nimepiga domo miaka yote bure."

Mkeka ule mama aliusuka mpaka macho yakafifia, laini kama hariri, una manyoya mekundu ya ndege pembeni. Kwetu dada akiutoa mkeka, heshima ya ukoo mzima imetoka nao. Niliukunjua, nikaunusa, nikakupa.

"Kwa sharti moja. Huyo Spika abaki nyumbani."

"Nitamfunga."

Ulimfunga kweli. Ila fundo lako lilikuwa kama ahadi za wabunge.

Alfajiri ukaenda, ukakaa kwenye changarawe mbele ya nyumba ya mchungaji, miguu umekunja, kichwa umeinamisha, mkeka wa mama umekufunika mwili mzima. Desturi unaijua. Wenye nyumba wakija kukufunua, umesamehewa. Wasipokuja, unakaa. Zamani mtu aliweza kupigwa shoka hapohapo, na hakuna wa kuuliza.

Makerita akatoka na ufagio wa chelewa. Akafagia ua wote, akakufikia, akakuzunguka kama anayezunguka jiwe, akaendelea. Jua likapanda. Barabarani kina mama wa kamati walikuwa wamejaa, vikombe mkononi.

"Atakauka kama mbata huyo," mmoja akasema.

"Akikauka tutapata mafuta mengi," mwingine akajibu. "Alikuwa anakula vizuri."

Mimi sikucheka. Nilikuwa naona wazee wanaanza kuingia kwenye nyumba ya baraza, mmoja mmoja, na yule wa bunduki amekuja nayo.

Ndipo Spika akatokea, kipande cha kamba kinaburuzika. Akapita katikati yetu hakumsalimia mtu. Akaunusa mkeka, akauinua ukingo kwa pua, akaingia. Mkia ukabaki nje. Ukawa unapigapiga yale manyoya mekundu ya mkeka wa mama, tap, tap, tap.

Makerita aliuma mti wa ufagio asicheke. Akashindwa. "Baba Mchungaji!" akaita. "Toka uone. Wamekuja wote wawili!"

Mchungaji akatoka na fimbo, mguu umefungwa bandeji. Akautazama ule mkia muda mrefu. Kisha akainua mkeka. Ulikuwa umelowa jasho, Pene, na Spika amelaza kichwa pajani kwako kama mtoto kanisani.

"Wewe, Penehuro, nimekusamehe," mchungaji akasema. "Huyu mwenzako bado nafikiri."

"Mchungaji, huyu hajui kuinama maana yake nini. Kwangu hakuna aliyemwokotea jiwe. Alidhani unamwita."

"Mimi nimwite?"

"Inama tena uone."

"Pene, nimebaki na mguu mmoja mzima. Na huu unautaka?"

Watu wakaangua kicheko. Lakini aliinama. Spika akamwendea, masikio chini, taratibu, akaweka kichwa kwenye kiganja chake. Mchungaji akamkuna bila kujua anamkuna.

Halafu akafanya jambo ambalo hukumwomba. Aligeuka kwa mbwa wake mwenyewe, yule mzee mweusi aliyelala penye ngazi, aliyelelewa pale tangu mtoto na kulishwa kwa mkono wake. Akamwinamia, kiganja wazi. Mbwa akaruka, mkia katikati ya miguu, akajisukumiza uvunguni mwa nyumba mpaka kwenye giza. Hakutoka.

Mchungaji akabaki ameinama. Barabarani hakuna aliyecheka.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani ananiheshimu."

Akaenda barazani akichechemea. Namshukuru Mungu nyumba zetu za baraza hazina kuta, kwa hiyo mwanamke anayepita polepole na ufagio anasikia yote. Mchungaji si kawaida yake kusema mle, na siku ile alisema maneno machache. "Mguu ulioumwa ni wangu. Mimi sitaki bunduki. Nani ameumwa zaidi yangu?" Wewe ukatozwa faini ya nguruwe wako mkubwa, kijiji kikamla, mifupa wakapewa mbwa, na mwenye bunduki akairudisha darini akinung'unika.

Madaktari walikuja kiangazi. Tuliwapangisha mbwa foleni kwa majina yao, na kina mama waliwashika kwa nguvu kuliko wanavyowashika waume zao. Nesi wa zahanati anasema siku hizi watoto wa Lalofau wanamjia kwa mafua na kuanguka miembeni, upele ameanza kuusahau. Vijiji viwili jirani vimetuiga, ingawa wanasema wazo ni lao. Muswada wako wa mbwa bado uko Apia. Aliyechukua kiti chako alipokuja kutusalimia nilimwuliza umefikia wapi, akasema unashughulikiwa. Nikamwambia nina mkeka, akitaka kuuazima.

Nina habari moja zaidi, Pene, na hasa ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka kwamba baada ya siku ile mchungaji alikuwa akikaa kwenye ngazi kila jioni sala ikiisha, kipande cha gimbi kiganjani, ameinama, na yule mbwa mzee anamtazama kutoka uvunguni. Wewe ulikuwa ukipita unamwuliza, "Leo?" Anakujibu, "Bado." Unamwambia, "Kesho." Ukafa hujasikia jibu lingine.

Msimu huu wa mvua, mchungaji alikuja kwangu bila mwavuli, nusu anatembea nusu anakimbia.

"Siloma! Amekuja!"

"Nani?"

"Mbwa wangu! Nimeinama, amekuja. Ameweka kichwa hapa." Akanionyesha kiganja, bado kina mate, hajanawa. Alikuwa analia yule mzee. "Mwambie Pene."

"Mchungaji, wewe ndiye mwenye njia ya kuzungumza na huko juu. Mwambie mwenyewe."

"Nimeshamwambia. Lakini Pene alikuwa anamsikiliza zaidi dada yake."

Basi nakuambia, mdogo wangu, mbele ya wote wanaosoma: amekuja.

Unakumbukwa na mkeo Lagi, wanao Uelese na Tepora, wakwe na wajukuu zako, mimi dada yako Siloma, Mchungaji Nafatali na Makerita, Kamati ya Wanawake na ukoo wote wa Lalofau, Savai'i, pamoja na mbwa wao, ambao bado wapo hai.

Daima tutakukumbuka, hata sisi tuliokucheka.