Nimempigia goti niliyemfunga

Eustadia! Shika simu! Nimemfunga Mzee Tajdin, yule wa duka la vitenge Gongoni, kwenye mashindano ya chesi! MIMI!

Nimeanza na askari wa mbele ya mfalme, kama tulivyofanya mazoezi kwenu. Yeye akamtoa malkia mapema, si unajua anavyotudharau. Nikamfukuza na farasi mmoja, nikamzibia njia na wa pili, malkia akakosa pa kukimbilia. Nikamla!!

Mzee akanyoosha mkono.

Sasa sikia aibu. Kwenye chesi mkono ule maana yake amekubali kushindwa. Mimi nimesahau kabisa! Nimeona mkono wa mzee, nikainuka, nikaupokea kwa mikono miwili: "Shikamoo baba!"

Na goti juu yake. Shoga, NIMEPIGA GOTI. Mbele ya refa!

Watu hoi. Mzee kacheka mpaka miwani ikadondoka: "Marahaba. Ila mwanangu, aliyefungwa ni mimi, mbona goti unapiga wewe?"

Fainali kesho, nacheza na mkewe, Mama Dolatbai. Nimempita mlangoni, hata hacheki. Kaniambia, "Goti la leo la adabu. La kesho utalipiga umefungwa."