Koti Lililokuwa Likirudi Mezani

Baba,

Shikamoo. Najua utauliza mnada kabla hujauliza afya zetu, kwa hiyo naanza na mnada.

Tangu tukuzike, wazee wa usharika wamenipa kazi yako. Jumapili baada ya ibada nasimama kwenye meza yako pale nje, nanadi kuku, miwa na ndizi za sadaka. Huko Kisesa ulikoanza kwa kunadi ng'ombe, siku hizi wana vipaza sauti. Vijana wa Nyegezi wao wananadi viatu kwenye simu, mteja anapandisha bei akiwa amelala. Ungesonya. Mimi bado natumia koo, ingawa wanasema nanong'ona.

Jumapili iliyopita Mama alitoa sadaka koti lako la kunadia, lile la kahawia ambalo mbuzi alikula mfuko wake. Alisema amechoka kuliona likining'inia msumarini. Nililitaka mimi, Baba. Lakini ulinifundisha, "Anayenadi hanunui." Nikanadi.

Kiongozi wa kwaya akalinunua na, kama kawaida yetu, akalirudisha mezani liuzwe tena, kanisa lipate zaidi. Mchungaji naye akanunua, akarudisha. Hakuna aliyethubutu kulivaa. Walisema wangeanza kutaja bei usingizini. Kila liliporudi nililikung'uta vumbi kabla ya kulinadi tena.

Kisha akanyoosha mkono mgeni mmoja, muuza samaki aina ya sato, asiyejua desturi yetu. Huyo alikuwa anapima mabega ya koti kwa macho, tayari kuondoka nalo. Nikaita mara ya kwanza, mara ya pili, na sauti ikanikauka.

Mama akapandisha bei. Mgeni akashusha mkono. Mama akapandisha tena, juu ya bei yake mwenyewe. Mchungaji akamuuliza, "Mama, unashindana na nani?"

"Na marehemu. Aliuza jogoo wangu hapa hapa, mimi niko jikoni nawapikia chai."

Nikagonga meza haraka kabla hajajifilisi. Hakulirudisha. Alinivika mimi, akafunga vifungo vyote na jua lile, akasema, "Haya, sasa paza sauti."

Nilinadi mayai huku nalia. Yalipata bei nzuri ajabu.

Tunakukumbuka sana. Pumzika, Baba, meza iko salama. Nakuahidi sitanong'ona tena, na jogoo mwingine wa Mama hatauzwa, hata akija mezani kwa miguu yake.

Binti yako,
Kabula