Mguu wa Baba Yako Umetangulia

Kisiwani Vava'u, Jumatatu

Mwanangu Fusi,

Boksi lako kutoka Auckland limefika salama. Gauni la kanisani limenikaa vizuri, ila linanibana kwapani. Nguruwe wetu amezaa saba.

Zile nyama za kopo ulizotuma humo baba yako kazimaliza zote. Nilimnyang'anya, nikamkumbusha sukari yake na maneno ya daktari. Akanijibu, "Mama Fusi, mtoto katuma kwa mapenzi. Nikikataa chakula chake, si nimemkataa yeye?" Nikamrudishia kopo lake, maana hata mimi nililelewa hivyo hivyo.

Jumatano iliyopita madaktari walimkata mguu wa kushoto, chini ya goti. Tumeuzika kando ya kaburi la bibi yako, kama desturi yetu. Baba yako kitandani akatania, "Umetangulia kunishikia nafasi." Wajomba zako wakacheka. Mimi nilishindwa.

Sasa vidole vya mguu wa kulia vimeanza kuwa vyeusi.

Nilikaa nikuandikie usitume tena zile nyama. Lakini tuma tu, mwanangu. Tuma maboksi kumi. Wageni wa msiba kwetu hawaondoki mikono mitupu, na unajua ni nyama hizo hizo wanazotarajia kupewa.

Mama yako,
Telesia