Wazanzibari wa Malvern

Jumatano, 28 Agosti 2013

Kanzu sita leo, zote za kupunguza mikono. Wateja wa Fordsburg hununua kwanza, hupima baadaye, kisha humlalamikia fundi. Nimeshona huku nimenuna.

Jioni Hamisi kaja na habari. Kapata mchumba. Jina lake Rehana, anafanya kazi duka la dawa kule Malvern. Nikauliza swali la kwanza ambalo mama yeyote wa Buyenzi, kule Bujumbura, angeuliza: watu wa wapi? Akasema, Wazanzibari.

Nimesujudu. Miaka yote nimeogopa ataniletea msichana wa huku, asiyejua hata babu yake kazikwa wapi. Kumbe Mzanzibari! Watu wa udi, watu wa adabu, Kiswahili kimepigwa pasi. Nikamgongea ukuta Mama Neema nimpe habari. Yeye ni Mkongo wa Uvira, msusi, chumba chake kimepakana na changu hapa Bellevue. Kasema tu, "Aya, pongezi." Atajua nini huyo kuhusu ustaarabu.

Jumapili, 1 Septemba

Nimerudi kutoka Malvern. Nina hasira.

Nilivaa doti mpya, nikajifukiza. Mlango ulipofunguliwa nikamwamkia bibi yake Rehana kwa heshima zote: "Shikamoo, Bibi." Akanitazama kama nimekuja kudai kodi. Kiswahili hawajui. Neno moja hawajui! Wanaongea Kizulu na Kiingereza, na huyo bibi Kimakua.

Mjomba wake Rehana akanieleza kwa Kiingereza, tena kwa fahari. Wazee wao walikuwa Wamakua wa Msumbiji, watumwa waliopakiwa melini. Manowari ya Waingereza ikawakamata baharini, wakapitishwa Unguja, mwisho wakashushwa Durban kufanya kazi. Watu wa Durban wakawaita Wazanzibari, nao wakalichukua jina. Enzi za makaburu serikali ikawaandika Waasia. Waasia! Na ni weusi kuliko sufuria yangu. Jina la Unguja, lugha ya Wazulu, karatasi za Wahindi. Watu wa viraka. Mimi ni fundi, viraka navijua.

Mke wa mjomba, wanamwita Anti Fatima, alikaa mbele yangu akila na kucheka kwa wakati mmoja. Anauza magwinya barabarani. Magwinya ni maandazi yasiyotiwa iliki. Andazi lisilo na iliki ni sponji.

Njiani nikamwambia Hamisi, mwacha asili ni mtumwa.

Jumatatu, 2 Septemba

Simtaki. Basi.

Jumatano, 4 Septemba

Nilimlalamikia Mama Neema nikidhani atanielewa. Alicheka mpaka akaacha kichwa cha mteja nusu. "Na nyie ba Buyenzi," akasema, "ba bibi zenu balitokaka wapi? Si njo kule kwetu Kongo, Maniema?"

Alitaka kusema nyani haoni kundule, ila methali hazijui.

Huko Bujumbura pia walituuliza. Nyie Waswahili wa Buyenzi ni nani, si Wahutu, si Watutsi? Tukawajibu: babu yetu ni Salim wa Maskati, aliyekuja Ujiji na msafara. Jibu hilo limetutosha. Sioni kwa nini lisimtoshe msusi.

Ijumaa, 6 Septemba

Hamisi ananibembeleza. Anaosha hata vyombo visivyo vichafu. Anasema hataki mwingine. Ana miaka ishirini na saba na anaongea kama redio ya mapenzi.

Nimekubali kupeleka posa. Posa ni kazi ya wanaume, lakini baba yake ni marehemu na kaka zangu wako Buyenzi. Nina mpango wangu. Nitawatajia Salim wa Maskati, na nasaba yake yote, waone wenyewe kwamba hatulingani. Watarudi nyuma kwa aibu.

Jumapili, 8 Septemba

Sitakanyaga tena nyumba ile.

Niliongea vizuri. Salim bin nani, bin nani, majumba yake Ujiji, tasbihi yake ya kaharabu. Rehana alimtafsiria bibi yake Kiingereza changu kwa Kimakua. Mjomba alitikisa kichwa, Fatima alitafuna. Yule bibi alisubiri nimalize, akasema maneno machache kwa upole. Rehana akaona haya kuyatafsiri.

Kwao ukoo hutoka kwa mama. Baba hahesabiki. Watu wa ukoo mmoja wa upande wa mama hawaoani, kwa hiyo lazima ajue: mama yangu alizaliwa na nani, na huyo naye na nani. Salim tumemsikia. Je, alizaa na nani?

Nikasema sijui.

Akauliza tena. Mjomba akaongeza kwamba bila jibu hakuna ndoa. Nikasimama, nikachukua mkoba wangu nikatoka. Mimi, nihojiwe ukoo na watu waliookotwa baharini! Hamisi alinifuata hadi kwenye robot, taa za barabarani, tukavuka hazijaruhusu, nusura gari litugonge.

Alhamisi, 12 Septemba

Hamisi amehamia kwa rafiki yake. Kachukua nguo za kazi na blanketi. Aliniuliza mlangoni, "Mama, huyo aliyezaa na Salim, jina lake unalijua?" Nikasema silijui.

Nalijua. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Bibi yangu, mama yake mama, aliniambia tukichambua mchele, akaniapisha nisiseme mbele za watu. Mama yake yeye aliitwa Zafarani. Salim alimnunua kule Maniema akiwa mtoto. Zafarani ni jina alilompa Salim, kama mtu anavyompa paka jina. La kwao halijulikani.

Namchukia yule bibi kizee. Namchukia Salim pia, na hili ni jipya.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeharibu kanzu ya mtu. Nimekata mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake. Chumba kimya. Nilipika wali wa watu wawili, nikampelekea Mama Neema nusu. Kasema chumvi imezidi.

Jumapili, 15 Septemba

Nimekwenda peke yangu. Sikujifukiza.

Nilimkuta bibi jikoni, Fatima anakanda unga. Rehana akaitwa kutafsiri. Nikasema yote nikiwa nimesimama: Zafarani, Maniema, kununuliwa. Nikasema ukoo wake siujui wala hakuna aliye hai anayeujua, na kama ndoa imekufa basi imekufa, mwanangu asiambiwe nilikuja. Sauti ilinikatika. Nilichukia kukatika kwake mbele ya Fatima.

Bibi akanisogezea kiti. Akasema kwenye ile meli walikuwemo watoto wadogo wasiojua kwao ni wapi. Wengine hata Kimakua hawakujua. Wanawake wakagawana: huyu dada yangu, huyu mwanangu. Waliposhuka Durban kila mtu alikuwa na ukoo. Nusu ya jamaa zake, akasema, wameanzia sakafuni mwa meli. Alisema hivyo bila haya, kama mtu anayesema amezaliwa hospitali.

Nikadhani atanichukua yeye niwe wa ukoo wake. Akacheka. Akinichukua yeye, Hamisi na Rehana watakuwa ndugu. Akamwita Fatima, kwa sababu Fatima ameolewa tu pale, ukoo wake mwingine. Fatima hakuuliza kitu. Aliunyoosha mkono kama mtu anayepokea chenji. Bibi akachota unga kwenye bakuli lile lile la magwinya, akatupaka viganjani, akasema maneno yake ya Kimakua. Akamaliza na Fatiha, hiyo niliielewa.

Basi. Nimetoka Bellevue asubuhi kitukuu wa Salim wa Maskati, nimerudi dada wa muuza magwinya. Nimelia ndani ya teksi, watu wakanitazama. Sijui nililia nini. Mwenzangu wa pembeni alinipa tishu ya KFC.

Jumatatu, 16 Septemba

Hamisi karudi na blanketi lake. Linanuka sigara. Nimelifua.

Jumanne, 24 Septemba

Sikukuu ya urithi. Nchi nzima imevaa nguo za kwao, wengine wamezinunua jana Fordsburg na bei bado imening'inia. Mjomba kaja kupanga siku ya ndoa. Kaongea sana, kala sana. Bibi yao katuma kuku mzee asiyeiva.

Rehana kaniuliza kwetu wanawake huvaa nini siku kama hii. Nikasema kanga. Akasema bibi yake naye anazo, zimo sandukuni. Nilitaka kumwambia kanga ni zetu.

Jumapili, 29 Septemba

Fatima kaja bila kuitwa. Kafungua sufuria zangu moja baada ya nyingine. Kasema chai yangu nyepesi. Kajilaza kitandani kwangu na viatu miguuni, kama ndugu.

Kabla ya kusinzia akaniuliza yule bibi yetu wa Maniema jina lake nani. Wiki hii wanawasomea hitima wazee wao, na yeye anataka kumtaja pamoja na wa kwake. Nikamwambia. Akalitamka vibaya. Nikamsahihisha, akalirudia mpaka likanyooka.

Sasa amelala. Anakoroma. Gauni la harusi la Rehana limebaki pindo. Nimezima cherehani, namalizia kwa mkono.