Maziwa ya Mzee Eliufoo

Dada Ndeshi, shikamoo.

Sauti iliyobaki masikioni mwangu ni ya kikombe cha bati kikitua mezani. Mlima wa kwenye kadi hii bado sijauona. Mawingu yameufunika na manyunyu hayakomi.

Uliniuliza kwa nini bado najiita Mkristo, wakati tangu mama alipofariki sijakaribia meza ya Bwana. Jibu nimelipata jikoni kwa bibi. Mzee Eliufoo, jirani aliyeziba mfereji wakati wa kiangazi hadi migomba ya bibi ikakauka, alikuja na jani la isale kuomba msamaha. Isale haikataliwi, unajua. Bibi alilipokea bila kumtazama.

"Haya. Mila ni mila."

Mzee akageuka kuondoka. Bibi akachukua kikombe chake mwenyewe, akakijaza maziwa, akakibwaga mezani.

"Rudi hapa, mwizi wa maji! Utatoka kwangu na njaa?"

Mzee akacheka, akanywa mpaka povu likaganda kwenye sharubu.

Baadaye nilimuuliza bibi kwa nini alimwita.

"Isale ni lazima, mjukuu wangu. Maziwa si lazima. Na Yesu naye, nani alimlazimisha?"

Sina hoja nyingine, dada, na sijaitafuta. Mpakate mwanao Neema kwa ajili yangu, na usikae na baridi kifuani bila kunywa tangawizi.

Jumapili nilikwenda mezani, nikanywa.

Mdogo wako,
Anande