Fomu Kumi na Moja

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mkeo na mjukuu wangu hawajambo? Mimi mzima, goti tu ndilo linanisumbua. Simu hupokei, na ofisini karani wako kila siku ananiambia uko kikaoni, basi nakuandikia.

Binti wa fundi viatu wa mtaani kwetu, yule msichana tunayemwita Kimya, siku tatu mfululizo amekuja asubuhi kukaa barazani kwangu na sare zake za shule. Nilipombana akasema, "Mwalimu mkuu ametutoa kwenye orodha ya mtihani. Tuko kumi na mmoja. Anasema tutaishusha shule." Kwao hajathubutu kusema. Niambie amesikia vibaya.

Mama yako

19 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na goti. Sisi hatujambo.

Hakusikia vibaya. Bodi ya shule imeniambia wazi: wastani ukishuka tena, walimu watano wanaondoka, na mimi mbele yao. Ningefanyaje? Wewe uliongoza shule zama za raha, hakuna aliyekupanga wa kwanza wala wa mwisho. Usinihukumu.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu zako nimepokea. Hao walimu watano nimewafikiria, sina moyo wa jiwe. Lakini wewe mwenyewe ulifika miaka kumi hujui kusoma. Walitaka kukutoa, nikakaa mlangoni kwa mwalimu wako mpaka akachoka kuniona.

Watoto wote kumi na mmoja nawafundisha sebuleni kwangu. Wanaweza kufanya mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Fomu nimekuambatanishia, zinataka sahihi yako tu. Mwisho ni tarehe 30. Sikuombi kingine.

Mama yako

7 Mei

Shikamoo Mama,

Natumaini umepata nafuu. Fomu hizi hapa, zote nimetia sahihi. Samahani kwa kuchelewa. Mwenyekiti wa bodi alikuwa haishi kuingia ofisini, zikabaki kwenye droo. Jaribu kuongea na watu wa ofisi ya mitihani, huenda wakazipokea.

Mwanao

20 Januari

Shikamoo Mama,

Miezi tisa hujaniandikia. Mkweo anakuulizia. Mama, tumekuwa wa kwanza wilayani! Hakuna mwalimu aliyeondolewa. Jumamosi tuna sherehe. Nimekuwekea kiti cha mbele, na nitawaambia watu nani alinifundisha kazi hii. Njoo.

Mwanao

24 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Walimu kubaki kazini nimefurahi, nasema kwa moyo mweupe.

Fomu nilizipeleka ofisi ya mitihani siku ileile niliyozipata. Karani wa huko alitazama tarehe, akanirudishia zote. Watoto sita waliendelea kuja kwa wiki mbili, kisha nao wakaacha. Juzi nimemkuta Kimya sokoni, anamenya vitunguu vya mwenye kibanda cha chakula. Nikamwambia arudi, tuanze upya. Akanisalimia vizuri, akacheka kidogo. "Mwalimu, shule haikuwa yangu." Nikaondoka bila kununua nilichofuata.

Jumamosi sitakuja, kiti mpe mwingine. Mimi ni mama yako, hilo halina wa kulifuta. Ila mbele za watu usiseme ni mimi niliyekufundisha kazi.

Mama