Mwanangu Hafungi, na Koja Linamngoja

Lamu, 16 Ramadhani 1373

Mpendwa mshauri,

Baada ya salamu nyingi za mwezi mtukufu naomba msaada wako, na naomba barua hii uisome mpaka mwisho usiikatie njiani, maana mwanzo wake ni sifa na mwisho wake ni aibu, na mimi nimekwama hapo katikati. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie. Nilisoma madarasa matatu tu lakini mwalimu wetu alikuwa akiwaonyesha wenzangu mwandiko wangu, basi ukiona herufi zimepinda ujue ni haraka, si ujinga.

Nina mtoto wa kike, Umi, ana miaka saba. Nisikufiche, mshauri, Mungu amenipa. Alisema kabla ya kutembea, juzuu ya Amma aliimaliza wenzake wangali wanavutana na alifu, na Idd ukimvika gauni jipya ukampaka wanja watu husimama njiani wakauliza huyu wa nani, na mimi hujibu kabla hawajamaliza kuuliza. Hata baba yake Athman, fundi wa kuchonga milango, mtu ambaye mlango wake ukisifiwa na mji mzima yeye hutafuta kasoro, kwa Umi hajatafuta.

Sasa Ramadhani hii ilipoingia akaniambia, "Mama, na mimi nitafunga." Nikamwambia funga mpaka adhuhuri kama watoto wenzako, akafika adhuhuri akakataa kula, akafika magharibi. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nikashindwa kuuzuia ulimi, nikasimama wikioni, pale nyumba yetu inapovuka juu ya njia kwenda ya jirani, nikawaambia wanawake waliokuwa wakipita chini kwamba Umi wangu anafunga mwezi mzima. Mzima, mshauri, na ilikuwa siku ya tatu.

Habari ikamfikia Hadia, dada yake mume wangu, kabla uji wangu haujachemka. Akaja mwenyewe baada ya futari, akavua buibui, akakaa.

"Wifi," akasema, "Fadhil wangu ana miaka minane na mwaka jana saumu ya kumi ilimshinda. Huyu wako wa miaka saba ana tumbo la mbao?"

Nami, badala ya kucheka tukaisha, nikamjibu, "Si tumbo, Hadia. Ni malezi."

Akavaa buibui lake akaondoka na kahawa hakuinywa. Tangu hapo sina njia ya kurudi nyuma.

Lazima nikueleze desturi ya nyumba ya mume wangu, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Asubuhi ya Idd, watu wakitoka kuswali, ukoo mzima hukusanyika kwa mama mkwe wangu, Bi Mwanatumu, wengine hutoka Pate, wengine hutoka Kiwayu. Mtoto aliyefunga kwa mara ya kwanza hukalishwa kwenye kiti cha enzi, miguu haifiki chini. Bibi yake hukaa mbele yake na sinia la asumini, uzi na sindano. Huchukua ua moja, huuliza mbele ya watu, "Saumu hii ya nani?" na mtoto hujibu, "Yangu, Bibi." Ua linatungwa. La pili, la tatu, hivyo hivyo, na watu wamenyamaza wanahesabu. Saumu zake zikifika mwisho, mtoto mwenyewe ndiye husema, "Imekwisha, Bibi," na koja hufungwa likavikwa shingoni. Ua la uongo halijapata kutungwa katika nyumba ile, ndivyo wanavyosema. Mwaka jana Fadhil alisema imekwisha kwenye ua la tisa, akalia mbele ya wageni. Mimi nilicheka. Kidogo, si sana.

Basi siku ya kumi ya mwezi huu, baada ya adhuhuri, nilikwenda chooni kutawadha. Unajua birika letu la chooni, lile la maji ya kuogea, tunafuga visamaki ndani ili wamalize viluwiluwi vya mbu. Nikamkuta Umi amechuchumaa, kata ya kifuu mkononi, anakunywa. Anakunywa maji ya visamaki, mshauri, kwa haraka, kama kuku, kichwa juu kichwa chini. Hakuniona. Nikarudi nyuma nikinyata, nikakaa kitandani, sikujua nimkamate au nimkumbatie.

Na jioni ile, Mungu anisamehe, tulipokuwa tunafuturu jirani akaita toka ng'ambo ya wikio, "Umi amefika ngapi?" na mimi nikajibu, "Kumi, alhamdulillahi." Mtoto akanitazama, kisha akatazama uji wake. Hakula kitumbua hata kimoja, na vitumbua vyangu hata wasionipenda huvila.

Toka hapo namchunguza kama askari. Jumatano nilipangusa zidaka za ukumbini, vile vishubaka vya ukutani, nyuma ya sahani ya bluu ya bibi yangu nikakuta kokwa saba za tende zimepangwa mstari. Alhamisi tumbo likamkata, akajikunja mkekani, na mimi najua ni yale maji ya birika, na sikusema. Mama mkwe, ambaye yuko kwetu mwezi huu kwa kuwa nyumba yake inatiwa boriti mpya iwe tayari kwa Idd, akamsugua tumbo akiuliza, "Umi, mato yangu, yeo umekula nini?" na mimi nikajibu kwa niaba yake, "Amekula daku tu, Mama." Mama mkwe akanitazama, akaendelea kumsugua.

Na yeye naye ananitia wasiwasi, umri umemfika. Amekuwa msahaulifu. Ijumaa nimekuta mtungi mdogo wa maji ya kunywa, ambao miaka yote hukaa jikoni, ameuhamishia kwenye ushoroba wa chooni, na kikombe juu yake. Tende nazo alizokuwa akiziweka daka la juu sasa anaziweka la chini, sisimizi wafaidi. Nimemwambia, akanijibu, "Nimezoea hivyo," na hakuzoea hivyo.

Jana Umi kaniuliza, nikimsuka nywele, "Mama, mtu akisema imekwisha mapema, mama yake hulia?" Nikamwambia tulia nisuke.

Sasa nifanye nini? Nikimwambia mtoto kwamba najua, nitamvunja moyo, na mtoto wangu hajavunjwa moyo na mtu. Nikinyamaza, atakaa kwenye kile kiti aseme "Yangu, Bibi" mara thelathini mbele ya watu, na nyingi zake uongo, siku ya Idd. Nimefikiria kusema anaumwa, lakini siku ya pili ya Idd tunavuka sote kwa mashua kwenda Ras Kitau na masufuria ya pilau, baba yake ameahidi kumfungia pembea, na mtoto aliyeumwa jana hapandi pembea leo. Na Hadia atakuwepo, amekwisha kushona nguo. Nimekonda, mshauri, na mimi si mtu wa kukonda.

Nijibu upesi, barabara zimekatwa na mvua na gazeti huchelewa kufika kwetu. Usitaje jina langu.

Wako katika dhiki,
Mama wa mtoto mwerevu

---

Mama wa mtoto mwerevu,

Barua yako imenifikia tarehe ishirini na mbili, na kona moja imelowa. Jibu nimelisukuma mbele ya barua za watu wenye magomvi ya waume, wao wataweza kungoja. Majina nimeyabadilisha yote, ingawa kwa sifa ulizomwaga sina hakika kama kuna mtu Lamu atakayekosa kukutambua.

Nianze na linalokupa hofu kubwa, kwa sababu ndilo dogo. Mwanao hana dhambi. Ana miaka saba, hajabaleghe, saumu haijawa faradhi kwake. Mtoto aliyefunga siku tatu kwa hiari yake amefanya kubwa, na aliyeona kiu siku nyingine akanywa amefanya la akili. Aliyedanganya katika nyumba hiyo si yeye. Yeye alikunywa maji. "Kumi, alhamdulillahi" umesema wewe, na hiyo alhamdulillahi usiitumie tena hivyo.

Sasa jiulize kwa nini mtoto mwenye mtungi wa maji safi jikoni ajifiche chooni anywe ya visamaki. Unadhani anamwogopa Mungu? Angemwogopa Mungu asingekunywa kabisa. Umeniandikia mwenyewe, ukapita haraka kama mtu anayeruka dimbwi: mwaka jana Fadhil alilia, na wewe ulicheka. Kidogo, si sana. Mama, bila shaka mwanao alikuwa amekaa ubavuni mwako. Kwake yeye kicheko cha mama hakina kidogo. Amejifunza siku ile nini humpata mtoto anayesema imekwisha mapema, na mwezi huu anafanya kila awezalo yasimpate yeye. Siku ile ya kusukwa anakusukumia swali lile mikononi mwako, wewe unamwambia tulia nisuke.

Nina hasira na wewe, na nakuhurumia pia. Nimelea sita, na wa kwanza nilimsifu mpaka akaanza kupita akiambaa ukuta, akiogopa kunijia na kitu kibaya. Najua utamu wa kusimama dirishani ukasikia watu wanauliza huyu wa nani. Lakini wewe umemkalisha mtoto kwenye kiti cha enzi tangu siku ya tatu, na hujamteremsha.

Na kuhusu mama mkwe wako. Unasema umri umemfika. Isome barua yako tena. Alhamisi mtoto ameumwa tumbo, bibi akauliza amekula nini, ukajibu wewe. Ijumaa mtungi wa maji safi umehamia mlangoni pa choo, na kikombe juu yake. Tende zimeshuka daka la chini, mahali mkono wa mtoto wa miaka saba unafika. Siwezi kuapa, sipo hapo, lakini mwanamke aliyelea ukoo mzima hasahau mtungi wake unakaa wapi. Anajua. Amejua labda kabla yako. Ameona mtoto anakunywa maji machafu kwa hofu, akamwekea masafi bila kumuaibisha, na wewe hakukuuliza tena kwa sababu anakungoja useme mwenyewe. Mtu unayemkimbia amesimama mlangoni siku zote hizi, ameshika kikombe.

Sasa fanya ninavyokuambia, na usipunguze.

Siku gazeti hili litakapokufikia, adhuhuri ikiingia, chukua kile kikombe, chota maji ya mtungi, mpelekee Umi mwenyewe kwa mkono wako wa kulia. Kaa chini, usisimame. Usiseme neno mpaka amalize. Atakutazama sana, mwache akutazame. Kisha mwambie hivi, kwa maneno haya au ya kwenu: "Najua, na mimi ndiye niliyekosa. Nilisema mwezi mzima, wewe hukusema." Usimuulize amevunja ngapi. Muulize amefunga ngapi. Atakuambia, watoto huwa wanajua hesabu yao. Na kama anataka kufunga siku zilizobaki mpaka adhuhuri, afunge, naye adhuhuri ale jikoni mbele ya watu, kwenye sahani, kama mtu.

Siku hiyo hiyo mwendee mama mkwe. Usimpe hadithi ndefu. Mwambie, "Mama, ahsante kwa mtungi." Ukiona hajauliza mtungi gani, utajua kwamba nilisema kweli.

Kisha Hadia. Hapa najua roho itagoma. Kwa Hadia utakwenda kwa miguu yako kabla ya Idd, usingoje mkutane mbele ya wageni, na utasema kuwa lile neno la malezi lilikuwa baya, na kile kicheko cha mwaka jana pia. Atakucheka. Mpe nafasi acheke, ni zamu yake, na kahawa yake mpelekee wewe safari hii. Fadhil naye umtake radhi, mtoto hudai radhi kama mtu mzima ila hajui pa kwenda kuidai.

Kuugua kwa uongo ondoa kabisa katika fikira zako. Mtoto asije akapandishwa pembea ya Ras Kitau kwa Idd iliyoanza na uongo. Asubuhi ya Idd mvalishe gauni lake, mpake wanja, mkalishe kwenye kiti kama desturi yenu ilivyo. Ni desturi nzuri. Nyinyi ndio mlioigeuza mashindano. Bibi yake atauliza, naye atajibu, na ua litatungwa. Likifika la tatu, au la tano, au lolote alilofunga kweli, mwanao atasema mbele ya Pate na Kiwayu, "Imekwisha, Bibi."

Hapo yeye hatamtazama bibi yake wala hatamtazama Fadhil. Atakutafuta wewe. Vigelegele vya kwanza katika nyumba ile viwe vyako.

Mshauri